Upasuaji wa tezi dume kupitia njia ya mkojo: mkojo safi, maelezo haba

Nimefanyiwa TURP, ule upasuaji wa tezi dume usioacha kovu, na kwa upande wa mkojo sina la kulalamika. Tezi yangu ilikua ikabana mkojo; vidonge vilinisaidia kwa muda, kisha siku moja mkojo ukaziba kabisa nikawekewa mpira. Sasa unatoka kwa nguvu, haukatikikatiki, na usiku nalala.

Unachomwa ganzi ya mgongo, kiuno kushuka chini husikii kitu. Daktari anapitisha kifaa chenye kamera kwenye njia ya mkojo, kisha kwa kitanzi cha waya chenye umeme ananyofoa nyama ya tezi kipande kwa kipande. Vipande hupelekwa maabara kuangaliwa saratani.

Kazi iko baadaye. Unakaa na mpira wa njia tatu: maji yanashuka kutoka mfuko uliotundikwa, yanasafisha kibofu, yanatoka mekundu, kisha ya waridi, mpaka yanakuwa meupe. Yakiacha kutoka, mwite muuguzi papo hapo, maana bonge la damu huenda limeziba. Mpira ukishatolewa, mkojo wa kwanza unachoma kwelikweli. Kwenye wiki ya pili damu inaweza kurudi kidogo kwa sababu kigaga cha ndani kinabanduka. Kunywa maji, na mizigo mizito waachie wengine.

Ninapopunguza alama ni kwenye maelezo. Daktari wangu ni fundi, lakini hakuniambia kabla sijasaini kwamba baada ya TURP, kwa wanaume wengi, shahawa hurudi kibofuni badala ya kutoka. Nguvu zangu zipo na raha ipo, ila hakitoki kitu. Mimi na mke wangu tulishamaliza kuzaa. Anayetaka mtoto bado ana haki ya kulijua hilo mapema. Huyo aulizie UroLift, inayobana tezi pembeni kwa vishikizo vidogo, au Rezum ya mvuke. Hizo kwa kawaida haziharibu utokaji wa shahawa, ingawa haziziwezi tezi kubwa sana. Tezi ikizidi gramu 80 hivi, ulizia leza ya HoLEP au upasuaji wa wazi, ila nako shahawa hurudi ndani vilevile.

Na kipimo cha PSA, kile cha damu cha kufuatilia dalili za saratani ya tezi, usikiache. Kinachoondolewa ni nyama ya ndani tu. Ganda la tezi linabaki, na saratani inaweza kuota humo.