Glavu za kupandia farasi kwenye baridi na mvua: nilizoziacha na nilizobaki nazo

Nilimtaka farasi wangu asimame, naye akaendelea na mwendo wake. Halikuwa kosa lake. Mvua ilikuwa imetunyeshea karibu saa nzima, joto lilikuwa nyuzi 4 tu, na vidole vyangu vilikuwa vimekufa ganzi hata hatamu zikateleza mkononi kiasi cha shubiri nzima bila mimi kuhisi. Nilidhani ninamzuia, kumbe navuta hatamu zilizolegea. Tangu siku hiyo suala la glavu silichezei tena.

Nilianza na kosa ambalo nadhani wengi hulifanya: kutafuta glavu yenye joto kuliko zote. Nikachukua za watu wa kuteleza kwenye theluji. Joto zilikuwa nalo, maji hayakupita hata tone. Lakini angalia jinsi hatamu inavyoshikwa: inaingia kati ya kidole cha mwisho na cha pete, inapita kiganjani, inatokea juu ya kidole cha shahada, kisha gumba linaibana hapo. Glavu nene inaweka mto katikati ya vidole hivyo viwili. Vidole vinatanuka, ngumi haifungi sawasawa, na mkono unachoka mapema kwa kubana kitu ambacho hauhisi. Mdomo wa farasi uko upande wa pili wa hatamu. Akitafuna lijamu (kile chuma cha mdomoni) au akiegemea upande mmoja, ujumbe huo mdogo unapaswa kufika vidoleni, na kwenye glavu zile haukufika. Sasa ninazivaa bandani tu, ninapobeba ndoo na nyasi kavu.

Za ngozi ni tamu sana siku kavu. Zikishalowa, ngozi juu ya hatamu ya ngozi inateleza, na ukizikausha karibu na moto zinakakamaa. Jozi yangu iliishia hivyo. Hilo lilikuwa kosa langu, si la glavu. Zilitakiwa kukauka taratibu mahali penye hewa, kisha zipakwe mafuta ya ngozi.

Zilizonivunja moyo zaidi ni zile zilizoandikwa kwamba hazipitishi maji kabisa. Kwa nyingi za aina hii, utando wa kuzuia maji uko katikati, baina ya kitambaa cha nje na bitana. Kwa hiyo kitambaa cha nje kinalowa kama kawaida, kinakuwa kizito, na upepo ukikipiga kinanyonya joto. Mkono wako mkavu unakaa ndani ya kitu cha baridi. Baya zaidi ni bitana. Nilishuka njiani kukaza mkanda wa tandiko, nikavua glavu ya kulia kwa mkono uliokuwa na unyevu, bitana ikatoka nayo, vidole vyote vitano vimegeuka nje. Nilisimama mvuani nikijaribu kuirudisha kidole kimoja kimoja, farasi ananisukuma begani kwa pua. Kidole cha pete hakikurudi mahali pake mpaka nilipofika nyumbani.

Na kuna jambo la pindo la glavu, pale kwenye kifundo cha mkono, ambalo sikuwahi kuliwaza. Ukiwa juu ya farasi, kigasha chako kinaelekea chini, kufuata mstari wa kutoka kiwiko hadi lijamu. Maji yanayotiririka kwenye mkono wa koti yanaishia kwenye kifundo. Ukivaa glavu juu ya mkono wa koti, unayakusanya yote yaingie ndani. Pindo liwe fupi, lenye kubana, liingie chini ya koti.

Nilizobaki nazo hazina sifa za kutisha. Nje ni kitambaa cha kuzuia upepo, ndani flisi (kitambaa laini chenye joto) nyembamba iliyoshonwa pamoja nacho, hivyo haichomoki. Kiganja ni ngozi bandia yenye vidoto vya silikoni, na kati ya kidole cha mwisho na cha pete kuna kiraka cha ziada. Manyunyu zinayahimili vizuri. Mvua kubwa inazilowesha baada ya nusu saa hivi. Nimelikubali hilo, kwa sababu hata zikilowa hatamu hainiponyoki, na sijawahi kulazimika kuizungusha mkononi ili isiteleze. Usiizungushe kamwe: farasi akishtuka, mkono wako umefungwa kwake.

Mfukoni, ndani ya mfuko wa plastiki, nina jozi ya pili ya sufu iliyofumwa, yenye vidoto vya mpira kiganjani. Sufu huhifadhi joto hata ikiwa na maji, na uzi wake uliofumwa unang'ata hatamu iliyolowa kuliko ngozi. Wawindaji wa mbweha wa Uingereza walikuwa na desturi ya kuchomeka glavu za aina hii chini ya tandiko, wazivae mvua ikianza. Maji hupitisha joto zaidi ya mara 20 kuliko hewa iliyotulia, kwa hiyo kubadili glavu katikati ya safari kunaleta nafuu kubwa.

Kuhusu saizi, pima mzunguko wa kiganja kwenye vifundo vya vidole, gumba likiwa nje, na kama uko kati ya saizi mbili chukua kubwa. Glavu inayobana inazuia damu kufika vidoleni, na mkono unapoa hata kama kitambaa ni kizuri. Mimi sasa glavu mpya naijaribu hivi: nashika mkanda wa suruali kama hatamu, nafunga ngumi, kisha nafunga na kufungua bizimu yake bila kuvua. Nikishindwa, siichukui.

Kasoro ya glavu nilizobaki nazo ni moja. Baada ya msimu mmoja, vidoto vya silikoni vimeanza kubanduka karibu na kidole cha mwisho, pale hasa hatamu inaposugua. Nimeshanunua jozi nyingine ya aina ileile, na ile ya kwanza imehamia kwenye siku kavu.