BTS7960 kwenye peltier: nilijua imeungua, kumbe imejifunga

Wadau, hii moduli ya BTS7960 (draiva ya mota) nimekaa nayo miezi mitatu sasa. Dada yangu anauza yogati hapa Arusha, akaniomba boksi la kushika maziwa nyuzi 43 usiku mpaka yagande, halafu lenyewe ligeuke lipoze kabla hayajawa makali, sasa peltier (kibao cha umeme, upande mmoja unapoa mwingine unapata moto) ukigeuza nyaya upande wa baridi unakuwa wa moto, ndo maana nikatafuta draiva ya mota, kazi yake si ndo hiyo ya kugeuza umeme.

Nilianza na draiva nyingine, L298N, kwa sababu ilikuwepo ndani. Msihangaike nayo kwa kazi hii. Chaneli moja ni ampea 2, peltier yangu TEC1-12706 kwenye volti 12 inavuta 4 na ushee, nikaunganisha chaneli zote mbili lakini bado zinaingia volti 12 na kwenye peltier napima 8.9, zilizobaki zote zinaishia kuwa joto kwenye chipu, dakika chache tu hitisinki (chuma cha kupozea) haishikiki.

Nikachukua BTS7960 kwa elfu 28. Hapo raha, 12 inaingia 11.7 inatoka, chipu vuguvugu tu. Shida ilianza nilipopunguza nguvu kwa PWM (kuwasha na kuzima umeme haraka haraka), nikiweka nusu baridi inakuwa hafifu mno na upande wa pili unachemka. Ni kwamba baridi ya peltier inapanda sambamba na ampea ila joto lake la ndani linapanda kwa ampea mara ampea, kwa hiyo umeme wote wa kuwaka na kuzima nusu kwa nusu unakupa joto la ndani mara mbili ya umeme uliotulia wa nusu. Lazima uulainishe.

Nikalehemu kapasita ya maikrofaradi 1000 moja kwa moja kati ya waya mbili za kutokea, na hilo ndo lilikuwa kosa langu kubwa, kila ikiwaka chipu inaona kama shoti, ikahangaika kidogo ikanyamaza. Mita inasoma 12 kuingia, sifuri kutoka. Nikasubiri ipoe, wapi. Niliumia sana maana maziwa ya dada yalikuwa tayari ndani. Nikachomoa nikalala, asubuhi nachomeka inafanya kazi!

Kumbe joto likizidi hii chipu inajizima na kujifunga, haifunguki hata ikipoa mpaka pini ya kuiwezesha ishushwe chini, kwenye moduli ni R_EN na L_EN, na mimi nilizifunga moja kwa moja kwenye volti 5 kama michoro mingi inavyoonyesha. Sasa nimezipeleka kwenye Arduino (bodi ndogo ya kuandikia kodi), kodi ikiona R_IS au L_IS (pini ambazo chipu inatolea taarifa ya hitilafu) imepanda juu inashusha EN, inasubiri dakika moja, inawasha upya. Kabla hujatupa ya kwako jaribu hili kwanza.

Kulainisha umeme fanya hivi, kila waya wa kutokea upitie koili ya waya mnene inayobeba ampea 10, baada ya koili weka kapasita kwenda graundi, sio kati ya waya mbili, kwa sababu ukigeuza umeme kapasita inapata chanya kwenye hasi, ya kwangu ilivimba kichwa mbele ya macho yangu. Na PWM ipandishe kilohezi 20, ile hezi 490 ya kawaida ya Arduino ni ya polepole mno kwa koili, chipu yenyewe inafika kilohezi 25. Kabla ya kugeuza moto kuwa baridi naiacha sifuri dakika mbili, peltier haipendi kushtuliwa.

Yangu ilikuja skrubu za hitisinki zimelegea, kazeni kabla ya kuwasha.

Sasa hivi lita 2 zinatoka nyuzi 43 mpaka 18 kwa saa tatu na nusu hivi, chipu haijajifunga tena, na dada ameshaagiza boksi la pili.