Chanjo hai ya salmonela kwa kuku wa mayai: inafanya kazi, maji yakiwa sawa

Natumia chanjo hai ya salmonela, ile kavu inayochanganywa kwenye maji ya kunywa, na naipa nyota nne kati ya tano. Moja nimeizuia kwa sababu haivumilii uzembe, na maelekezo yanayokuja na chupa yanagusia maji kwa haraka mno, ilhali huko ndiko wafugaji wengi wanakoiharibu.

Ijulikane kwanza inazuia nini. Salmonella Enteritidis, aina ya bakteria wa salmonela, hukaa ndani ya kuku mkubwa bila kumwonyesha dalili: anakula, anataga, manyoya yanang'aa. Bakteria wakifika kwenye ovari na mrija wa mayai, huingia ndani ya yai kabla ganda halijafunga, kwa hiyo kuosha ganda hakuwagusi. Anayeharisha na kupandwa na homa ni mlaji wa yai bichi au lililoiva nusu, na kwa mtoto mdogo, mzee au mgonjwa, hali inaweza kuwa mbaya sana. Kwa kuwa kuku mwenyewe haonekani kuumwa, wengi huiona chanjo hii kama gharama ya bure. Mimi siioni hivyo. Anayekula yai langu hana namna ya kujua kilichomo. Uingereza, wazalishaji wa mayai ya British Lion (nembo ya ubora wa mayai) walianza kuchanja mwaka 1998, pamoja na usafi na ufuatiliaji wa mayai, na maambukizi ya Enteritidis kwa watu yakashuka sana. Mwaka 2017 wajawazito, watoto na wazee wakaruhusiwa kula mayai hayo yakiwa hayajaiva sana.

Dozi ni tatu: siku ya kwanza, wiki ya 6 hadi 8, kisha wiki ya 16 hivi, angalau wiki 3 kabla ya kuanza kutaga. Karatasi ya chanjo yako ikisema tofauti, fuata karatasi. Ile ya siku ya kwanza usiiruke. Utumbo wa kifaranga bado mtupu, na bakteria wanaotangulia ndio wanaoshika nafasi. Afadhali watangulie wa chanjo.

Sasa maji. Hawa wa chanjo ni bakteria hai waliodhoofishwa, na klorini huwaua kama inavyowaua wengine. Acha dawa yoyote ya kusafisha maji saa 48 kabla, na usiirudishe mpaka saa 24 zipite. Siku ya kuchanja, weka maziwa ya unga yasiyo na mafuta gramu 2.5 kwa kila lita, koroga, subiri dakika 20, ndipo uingize chanjo. Maziwa yenye mafuta huziba nipo (chuchu za kunyweshea kuku). Tumia ndoo na vijiti vya plastiki. Chupa ifunguliwe ikiwa imezamishwa ndani ya maji, maana ina ombwe: ukiifungulia hewani unga hutimka, mwingine ukaishia usoni kwako. Vaa glavu, na mwenye kinga dhaifu asishike kazi hii kabisa.

Kiasi cha maji ni lita 1 kwa kuku 1,000 kwa kila siku ya umri, kikomo lita 40. Kuku 1,000 wa wiki 6, basi, ni lita 40 na gramu 100 za maziwa. Huo ni mwanzo tu. Kipimo cha kweli ni maji waliyokunywa jana yake saa zile zile. Unataka yaishe ndani ya muda wa saa 1 na nusu hadi saa 3. Yakiisha ndani ya nusu saa, wababe wamekunywa yote na wanyonge wamekosa. Yakichukua zaidi ya saa 4, chanjo imekwisha nguvu. Wanyime maji saa 1 hadi 2 kabla, na kwenye joto kali isizidi saa 1. Fanya asubuhi mapema.

Kwenye mabanda ya nipo kuna kosa linalojirudia: bomba limejaa maji ya kawaida, kuku wa mwisho wa banda wanakunywa hayo, na kiu inakatika kabla chanjo haijawafikia. Inua mabomba, yamwage, jaza maji ya chanjo yaliyotiwa rangi mpaka rangi hiyo itokee mwisho wa bomba, ndipo uyashushe. Rangi ya bluu ya chanjo ni ya lazima kwangu. Baada ya saa 2, kamata kuku 100 kutoka pembe zote na uangalie ulimi na gole (mfuko wa chakula shingoni). Wakiwa 90 wana bluu, kazi imefanyika. Wakiwa pungufu, tafuta bomba lililoziba au lililoning'inizwa juu mno.

Muuaji mwingine ni antibayotiki. Kuna pakiti za "vitamini za vifaranga" ambazo ndani yake zina oksitetrasaiklini. Soma mgongo wa pakiti. Ukilazimika kutibu karibu na siku ya chanjo, hesabu kwamba hukuchanja, urudie.

Chupa ya dozi 1,000 usiigawe kwa kuku 2,000. Ukiwa na 600, tumia yote, iliyochanganywa haihifadhiki. Kabla ya hapo ikae nyuzi 2 hadi 8.

Ile ya sindano, ya bakteria waliokufa, hutoa kingamwili nyingi zinazofika hata kwenye kiini cha yai, na naipenda kama nyongeza kabla ya kutaga. Lakini ni kumshika kuku mmoja mmoja. Ikiganda kwenye friji, itupe. Itoe kwenye friji mapema ipungue baridi, itikise, na ubadilishe sindano kila kuku 500. Chanjo yenye mafuta ikikuchoma kidole, nenda hospitali saa hiyo hiyo na karatasi ya chanjo mkononi, hata kama hakuna maumivu. Kidole kinaweza kupotea. Pia huweza kuvuruga kipimo cha damu cha magonjwa ya kuku ya Pullorum na taifodi, kwa kuwa bakteria hao ni wa kundi moja na Enteritidis. Waambie maabara umetumia nini.

Chanjo zote mbili hupunguza bakteria kwenye kinyesi na mayai, haziwafuti. Panya wakiwa wengi bandani wanazishinda, kwa hiyo mitego na chakula kilichofunikwa vinaendelea kama kawaida.

Kwa kuku wa nyama wanaochinjwa wiki ya 5 au 6 siinunui. Chanjo nyingi za aina hii hudai siku 21 kabla ya kuchinja, na kampilobakta, bakteria mwingine anayesumbua zaidi kwenye nyama ya kuku, bado haina chanjo sokoni. Huko fedha iende kwenye viatu vya banda, maji safi na machinjio.