Mizani ipo, lakini si ya mama wa gunia moja: uzoefu wangu na stoo ya viazi

Nina hoteli ndogo huku Viwandani, Nairobi. Wateja wangu ni wafanyakazi wa kiwandani wanaotaka chipsi, mukimo na viazi vya mchuzi saa ya mchana, tena haraka kabla king'ora hakijawaita. Kwa hivyo viazi nanunua kwa gunia, si kwa debe, na kwa muda mrefu nimekuwa nikinunua kwenye stoo moja ya jumla upande wa Marikiti, lile soko kuu la mboga mjini. Jina sitalitaja. Ninachotaka kueleza ni walivyonitendea msimu huu wa mvua, maana hadi leo nikikumbuka roho inanichemka.

Bei sina ugomvi nayo. Yeyote anayelisha watu Nairobi anaijua kalenda yake. Mwezi wa kwanza viazi vinamiminika kutoka Kinangop na Ol Kalou, gunia la kilo 50 nalipata kwa 2,000 hivi, na dalali ndiye anayenipigia simu. Mvua ndefu ikishika, mavuno ya nyuma yamekwisha na mapya bado yako ardhini. Malori yanakwama kwenye matope ya Njabini, na gunia lilelile linakaribia 4,000. Na Shangi, kiazi tunachopika karibu sote, hakiwekeki. Wiki chache tu ghalani na kimeshaanza kuchipua, kwa hivyo hakuna akiba ya kutuliza bei. Nyanya nazo ni hivyohivyo: mvua inaleta ukungu shambani, baridi ya Julai inazichelewesha kuiva, kreti inapanda. Sukuma wiki ndiyo inayotuhurumia wakati wa mvua, halafu Februari jua likiwaka inatulipizia. Yote haya nayalipia bila kunung'unika. Naongeza shilingi kumi kwenye sahani, wateja wananielewa.

Lakini kilo!

Asubuhi moja gunia lilishushwa mlangoni kwangu nikaona shingo yake imelegea. Gunia lililojaa husimama lenyewe, hili liliinama kama mlevi. Jirani yangu ananunua vyuma chakavu na ana mizani nzuri, nikamwomba anipimie. Kilo 41. Hapo tope limo, na viazi vyenyewe vililoa vikatoa maji. Tulipoviosha, kijana wangu wa jikoni alikwangua tope likajaa karai. Chini kabisa kulikuwa na vile vilivyokatwa na jembe wakati wa kuvuna, vimeanza kuwa laini na kunuka, na vingine vya kijani vilivyopigwa na jua. Vya kijani simpi mtu, ni vichungu na vina sumu. Nililipia 50, na vya kupika sidhani vilifika 35.

Niliwapigia, hawakushika. Nikaenda mwenyewe.

Mizani yao iko pale pale kwenye kona, kubwa, ya chuma, na imefunikwa kwa gunia tupu. Nikamsalimia kijana anayeuza kwa heshima, nikamwambia, "Kijana wangu, leo nipimie kabla sijalipa." Akanijibu bila hata kuniangalia usoni, "Mathe, hapa tunauza gunia. Hatupimi." Nikamwambia gunia la mwisho lilikuwa kilo 41. Mwenye stoo alikuwa amekaa kwenye meza yake anahesabu risiti. Hakuinua kichwa. Akasema tu, "Mwambie ni mvua."

Mvua! Nikamwuliza, "Mzee, mvua imekula kilo tisa?" Hakunijibu. Nikaenda kwenye kona nikalivuta lile gunia kutoka kwenye mizani, kijana akaja akalirudisha, mkono wake juu ya mkono wangu, kana kwamba nimekuja kuiba. Mimi ni mtu mzima, naweza kumzaa huyo.

Nikiwa bado nimesimama hapo, ikaingia pikapu ya hoteli kubwa ya mjini. Jamaa akashuka na karatasi yake ya oda. Gunia tupu likaondolewa kwenye mizani mara moja, mizani ikapanguswa, magunia yake yakapandishwa moja moja, na lililopungua likaongezwa viazi mpaka mshale ukafika. Vilivyokatwa vilitolewa vikawekwa pembeni kwenye ndoo. Kijana yuleyule, mikono ileile. Nikauliza kwa nini yeye anapimiwa. "Huyo ananunua magunia ishirini, mathe. Wewe ni mtu wa gunia moja."

Sasa nielezwe. Sisi watu wa gunia moja ndio wengi: kina mama mboga, wenye vibanda vya chipsi, hoteli kama yangu. Kilo tisa kwa hoteli kubwa ni hesabu ndogo ya karani. Kwangu ni faida ya siku nzima.

Na huu mchezo wa gunia unaanzia mbali. Shambani dalali hununua lumbesa, lile gunia linaloshonewa wavu juu mpaka linapita kilo 100, akamlipa mkulima gunia moja. Kanuni za viazi za mwaka 2019 zilisema mwisho ni kilo 50, lakini mkulima wa Nyandarua ambaye viazi vyake vitachipua asipouza wiki hii ana nguvu gani ya kubishana? Lumbesa likifika mjini linafunguliwa, linagawanywa kwenye magunia madogo, tena kwa jicho. Jicho lilelile lililojaza kule linapunguza huku. Ndiyo maana mizani inafunikwa.

Nilitoka pale nimeapa sirudi. Nitasema ukweli lakini: viazi vyao, vikiwa vizuri, hakuna stoo inayowashinda. Vikavu, chipsi inatoka ya dhahabu na hainywi mafuta. Na mwaka mmoja mvua ilipofurika mpaka barabara za huku zikawa mto, wao ndio waliofika, hamali wao akisukuma mkokoteni maji yakiwa magotini. Huyo kijana wa mkokoteni ana adabu, na sitaki lawama hii imguse. Kwa hayo ningewapa alama nzuri, na nimeshawahi kuwasifu kwa wenzangu wengi.

Nawasifu sasa? Hapana. Kila nikifikiria ule mkono ulioninyang'anya gunia tupu, nawatoa alama zote. Kwa sasa nanunua soko la Kangundo Road, viazi si vitamu kama vya kwao lakini mama anayeniuzia anapandisha gunia kwenye mizani kabla sijaomba. Nikipunguziwa najua nimepunguziwa kiasi gani, na bei tunakubaliana hapo hapo.

Mwezi wa kwanza utafika, viazi vitajaa, na najua watanipigia simu kunibembeleza kwa 2,000, pengine chini ya hapo. Nitawaambia walete mizani pamoja na mkokoteni, tupimie mlangoni kwangu. Wakikataa, wabaki navyo vichipue.