Jumamosi tatu na fundi wa tingatinga: twiga 41 na kunguru mmoja

Walimu wenzangu watatu wameshaniuliza kuhusu yule fundi wa kuchora aliyekuja shuleni kwetu, na wote nimewajibu nusunusu kwa sababu kengele ilikuwa inagonga. Acha niyaandike yote mahali pamoja, na mzazi anayetafuta kitu cha kumshughulisha mtoto likizo naye afaidike. Jina lake silitaji. Kuna mahali nitamsema, na yeye anatafuta riziki kama mimi.

Huduma yenyewe iko hivi. Fundi anakuja na vifaa vyake, anawafundisha watoto wa shule ya msingi kuchora wanyama kwa mtindo wa tingatinga, Jumamosi tatu mfululizo, saa tatu hadi saa sita. Bei tuliyoelewana ilikuwa 240,000 kwa kundi zima, "kila kitu ndani". Klabu yetu ya sanaa ina watoto 41 wa darasa la tatu na la nne. Wazazi walichanga 7,000 kwa kila mtoto, kwa hiari, kwa hiyo tulibaki na 47,000 mkononi. Ilikuwa heri ibaki.

Siku ya kwanza alifika saa nne kasoro. Mvua ilinyesha alfajiri, nikamsamehe. Akasimama mbele, akajitambulisha, akasema amekuja kuwafundisha tingatinga, na darasa zima likaangua kicheko. Kwa mtoto wa Temeke tingatinga ni lile dude la manjano linalosawazisha barabara. Mmoja akauliza, "Anko, umelipaki wapi?"

Hapo ndipo nilipoanza kumpenda yule bwana, maana hakuwakemea. Akavuta kiti, akakaa, akawaambia ni jina la mtu. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, mwaka 1932. Alikuja Dar es Salaam kutafuta kazi kama wanavyokuja wajomba zenu, hakuwahi kukanyaga chuo cha sanaa, na mwaka 1968 akaanza kuchora wanyama kwenye vipande vya bodi kwa rangi zilezile za kupakia baiskeli. Mke wake akawa anaziuza picha pale nje ya Morogoro Stores, Oysterbay. Mpaka leo wachoraji wako palepale, wana ushirika wao tangu 1990, na ukipita utawakuta wamekaa chini wanachora.

Akawaambia na mwisho wake: mwaka 1972 polisi walimpiga risasi wakidhani ni mwizi. Mimi nilikohoa kumkatiza, nikijua kesho yake mzazi fulani atanipigia simu. Akaendelea tu. Msichana mmoja wa darasa la tatu akanyoosha kidole, "Kwa hiyo alichora miaka minne?" Fundi akasema ndiyo, minne. Wakanyamaza kidogo, halafu wakaanza kugombania viti vya mbele.

Sasa vifaa. Bodi alizozileta ni zile ngumu za kahawia, upande mmoja laini, upande mwingine una vinyweleo. Alinunua mbili za futi nne kwa nane, akazikata futi moja kwa moja, kila bodi ikatoa vipande 32, jumla 64. Watoto 41, ziada 23, na hizo ziada alisema ni za kukosea. Nimefanya kazi na watoa huduma wengi, wa kwanza huyu kunipangia bajeti ya makosa. Kingo alizipiga msasa. Rangi ya chini alishazipaka mwenyewe nyumbani usiku wa kuamkia siku hiyo: njano, buluu, na nyekundu inayokwenda kwenye chungwa.

Tatizo ni kwamba alitumia rangi ya mafuta, na kwa unyevu wa masika ya Dar rangi ya mafuta haikauki usiku mmoja. Ukigusa, kidole kinaacha alama. Sisimizi walinasa. Mtoto mmoja badala ya kumtoa wake alimchorea mwenzake pembeni ili asikae peke yake, na hiyo picha ninayo mpaka leo juu ya kabati. Lakini sare mbili ziliharibika, harufu ya thina ilijaa darasani mpaka tukahamia barazani, na mimi nilishinda mchana nikisugua mikono ya watoto kwa mafuta ya taa halafu sabuni ya mche. Jumatatu mama mmoja alikuja na shati mkononi. Hakusema kitu, alilitandaza tu mezani kwangu.

Na brashi zilikuwa 12. Kumi na mbili, kwa watoto 41, kwenye huduma ya "kila kitu ndani". Alisema nyingine amewaazima wenzake. Hapa ndipo 47,000 yetu ilipoanza kutembea.

Lakini kilichonikera zaidi hakikuwa rangi wala brashi. Fundi alisimama ubaoni akachora twiga. Anachora vizuri, sikatai: anaanza na mstari mmoja kutoka kisogoni unashuka shingo nzima, unapita mgongoni, unakatika kwenye mkia, hainui mkono. Kisha mti wa mwavuli, kisha jua. "Haya, na ninyi." Watoto wakafuata. Saa sita nikazipanga picha zote barazani zikauke. Twiga 41, wote wanatazama kushoto, wote na mti kulia, wote na jua juu ya mti. Mvulana mmoja alikuwa anazunguka anatafuta picha yake na haioni.

Nilimsubiri afunge begi, nikamwambia, "Fundi, hawa watoto wamechora au wamenakili?"

"Mwalimu, twiga ndiye anayeuzika."

"Sisi hatuuzi."

Alicheka, akakuna kichwa. Akanieleza kwamba yeye mwenyewe alijifunza hivyo: mwaka mzima alikuwa anamjazia mwalimu wake madoadoa tu, kabla hajaruhusiwa kuchora hata mguu. Nikamwelewa. Mtu anafundisha alivyofundishwa, na mimi ninaandika ubaoni na watoto wananakili siku tano kwa wiki, nilikuwa na mdomo gani? Hata hivyo nilimpa masharti mawili. Rangi iwe ya maji. Na twiga apumzike.

Watoto niliwapa kazi ya nyumbani: wiki nzima mtazame mnyama mmoja unayekutana naye kati ya kitanda chako na geti la shule. Usimchore. Mtazame tu.

Jumamosi ya pili ndiyo iliyonifanya niandike haya. Fundi alikuja saa tatu kamili, na ndoo tatu ndogo za rangi ya maji na brashi zaidi; mimi nikaongeza 15 za kwetu. Rangi ya maji inakauka nusu saa kama kuna upepo. Haing'ai kama ya mafuta, inapauka, fundi mwenyewe alikunja uso alipoiona. Ila mkono wa mtoto unasafishika bombani, na mimi nina watoto.

Wakaanza kumletea wanyama wao. Mbuzi wa jirani anayekula mabango ya uchaguzi. Chura. Mjusi wa dari, aliyechorwa na tumbo kwa juu kwa sababu ndivyo anavyoonekana ukiwa umelala chali. Kuku mwenye kamba mguuni. Paka nadhani walikuwa tisa. Mvulana mmoja alimpa paka wake madoa na kutangaza kwamba ni chui, na hapo fundi akasimamisha kazi zote. Alichukua chaki, akachora alama mbili ubaoni. "Doa la duma limejaa, jeusi tii, kama tone. La chui ni duara lililovunjika, katikati kuna rangi ya ngozi, kama maua. Na duma ana michirizi miwili, kutoka machoni inashuka mpaka mdomoni, kama amelia." Dakika tatu tu. Nimefundisha sayansi miaka kumi na moja, na wanyama hao wawili nilikuwa nawatofautisha kwa mbio.

Kisha kuna yule wa kunguru. Ni msichana mkimya, nyuma kabisa, ambaye mpaka mwezi huo nilikuwa nikimchanganya jina na dada yake. Alichora kunguru juu ya pipa la taka. Fundi akapita akamwambia kunguru ni mweusi, mbona huyu umempaka majivu shingoni? Akajibu bila kuinua macho, "Wa kwetu wako hivi." Fundi akatoka nje barazani, akaangalia juu ya bati la jiko, akakaa pale muda. Dar nzima imejaa kunguru hao, waliletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19 na wakasambaa mpaka huku, tunawafukuza kwenye maandazi kila siku. Wana shingo ya kijivu kweli. Fundi alirudi, akachuchumaa pembeni ya meza yake, akamuuliza ule ujivu kaupataje. Mtoto akamwonyesha: nyeupe kidogo, nyeusi kidogo, na tone la buluu. "Buluu ya nini?" "Jua likiwaka wanang'aa buluu."

Fundi wa miaka yote hiyo aliichanganya ile rangi kwenye kipande cha ziada, akakitia begini.

Jumamosi ya tatu ilikuwa ya madoadoa na kumalizia. Hii ndiyo sehemu watoto wanaipenda kuliko zote, na wala haihitaji brashi: kifuniko cha peni kwa madoa makubwa, njiti ya kibiriti kwa ya kati, kijiti cha meno kwa yale madogo. Unachovya, unagusa, unainua. Usiburute. Waliokuwa wakisumbua wiki zote mbili walitulia saa nzima. Mwisho fundi akapitisha vanishi juu ya kila picha, akiwa nje, watoto wako mbali, na ile rangi iliyopauka ikaamka. Hapo nilikubali kwamba alijua alichokuwa anakifanya. Rangi ya maji chini, vanishi juu, sare salama.

Mtoto mmoja tu alichora twiga tena, pamoja na katazo langu. Nilipomuuliza mbona twiga, akasema nilisema mnyama wanayekutana naye, na yeye amekutana naye. Baba yake ni dereva wa lori, likizo alimchukua safari ya Iringa, na barabara inakatiza katikati ya Hifadhi ya Mikumi. Picha yake ina fremu nyeusi pembeni, ambayo ni dirisha la lori, na ndani ya dirisha kuna miguu minne mirefu na kipande cha tumbo lenye mabaka. Basi. Fundi alimwambia bado nafasi ipo, amwongezee shingo na kichwa pale juu. Mtoto akazuia bodi kwa mikono miwili. "Anko, kichwa hakikuingia dirishani."

Kwa anayetaka kumwita, maana najua ndicho mlichokuja kutafuta. Kwa 240,000 ni kama 5,850 kwa mtoto kwa masomo matatu, bodi ndani, na kwa hapa Dar sijaona cha kulinganisha. Ukiwa na watoto chini ya ishirini usikubali bei hiyohiyo, atashuka. Mwambie mapema, tena kwa ujumbe wa simu ili ubaki na ushahidi, kwamba rangi iwe ya maji kuanzia siku ya kwanza, na muulize brashi ngapi, idadi kamili, siyo "zipo". Watoto waje na fulana kuukuu za baba zao, zinafunika hadi magoti. Darasa la kwanza na la pili sikushauri, kukaa saa tatu hawawezi, na vijiti vya meno nao ni balaa. Zaidi ya 45 asikubali hata yeye. Akiwa peke yake hawezi kuwapitia wote.

Na umpe kazi yako wewe, usimwachie achague. Ukimwachia utapata twiga. Ukimwambia wanyama wa mtaani, au wa methali, au wa baharini kwa shule za pwani, anakuwa mwalimu mwingine kabisa. Tulizungumza juzi kuhusu likizo ijayo, nataka ndege watupu. Akaniuliza kama yule msichana wa kunguru bado yupo klabu. Nikamwambia yupo, amehamia kiti cha mbele.

Nampa nyota nne. Ya tano nimeikata kwa ajili ya brashi 12 na lile shati.