Utendi wa bibi yangu umekuwa kitabu: uzoefu wangu na mchapishaji wa Mkomani

Kama una mashairi ya Kiamu, lahaja ya Lamu, na umechoka kusubiri majibu ya wachapishaji wakubwa, mwone mwalimu huyu wa Mkomani, Lamu. Mimi nilimpelekea utendi wa marehemu bibi yangu, alioutunga na kuuandika kwa hati za Kiarabu kwenye madaftari ya shule.

Jina lake silitaji kwa kuwa sikumwomba ruhusa. Ni mtunzi kwanza, uchapishaji ulikuja baadaye. Alianza kwa kutoa nakala za tendi zake mwenyewe na kuziuza siku za Maulidi, mji unapojaa wageni, mpaka watunzi wenzake wakawa wanamletea zao. Utunzi huo ndio uliomfaa bibi yangu. Kampuni moja niliyoijaribu kabla yake ilinirudishia kurasa za mwanzo zimesanifishwa: mato yamekuwa macho, moya imekuwa moja. Mizani haikupungua, ila vina vilivunjika ubeti baada ya ubeti. Niliumia sana. Mwalimu aliiacha lugha ya bibi ilivyo, akaongeza sherehe, yaani maelezo ya maneno magumu, mwishoni kwa wasomaji wa bara.

Kazi nzito ilikuwa kusoma zile hati. Kiarabu kina irabu tatu na Kiswahili tano, basi i na e huweza kuandikwa alama moja, vivyo hivyo u na o; na p, ambayo Kiarabu hakina, bibi aliiandika b. Mwalimu alimwomba mama yangu aghani beti alizozihifadhi tangu utotoni, naye akifuata daftarini kwa kidole. Penye shaka alimsimamisha: "Rudia hapo, dadangu, tusije tukamsingizia marehemu." Huko Siyu, kisiwani Pate, karne ya 18 na 19, watu walinakili misahafu kwa mkono, subira ya namna hiyo mimi nimeiona kwake.

ISBN, namba ya kukitambulisha kitabu, aliiombea mwenyewe Maktaba ya Taifa, na hakimiliki imebaki kwa familia. Hilo lilikuwa kwenye mkataba tangu mwanzo, kabla sijatoa hata shilingi.

Bei si ndogo. Tulichapa nakala 200 Mombasa, na kwa idadi hiyo gharama ya kupanga kurasa na kuandaa mtambo inaiangukia kila nakala. Ongeza VAT ya 16% ambayo vitabu vinatozwa tangu sheria ya 2013. Baadhi ya nakala ziliachia gundi kwa unyevu wa pwani. Alizirudisha kiwandani zikashonwa uzi, bila kunidai.

Anapopwaya ni usambazaji. Vitabu vinapatikana Lamu na Mombasa, kwingine vinatumwa kwa basi ukimpigia simu. Mwenye haraka ya kuuza nchi nzima hatoridhika.

Ukienda, chukua daftari lenyewe, si picha za simu, na mtu wa nyumbani anayeweza kuughani utendi. Madaftari ya bibi yaliyobaki nayo yako kwake sasa.