Kadi ya NVMe mbili ya Luthuli: chungulia kama ni briji kabla hujalipa

Kama uko na desktop ya ofisi, zile za ex-UK zimejaa tao, na unataka kuweka diski mbili za NVMe (zile SSD ndogo za kasi) kwa sloti moja ya PCIe (ile nafasi ya kuchomeka kadi kwa madabodi), Luthuli Avenue hapa Nairobi utaonyeshwa kadi mbili zinafanana kama mapacha lakini moja bei yake ni karibu mara tatu ya ingine. Muuzaji akaniambia "mkubwa, hizo zote ni kitu moja, tofauti ni boksi tu." Wapi!

Ile ya bei rahisi ni waya tupu. Inategemea madabodi igawanye leni (njia za data) za sloti yenyewe, na BIOS (ile programu ya kuwasha mashine) ya hizi mashine za ofisi mara mingi haina hiyo seting. Kijana wa duka aliichomeka kwa mashine ya kaunta, diski moja ikatokea, ya pili kimya, akaanza kulaumu diski na diski ni mzima kabisa.

Ya bei ndiyo nilibeba. Chini ya kile kipande cha alumini kuna chipu ya swichi, ndiyo inagawia diski zote mbili njia ya sloti, na hiyo haijifichi: niliwasha na flashi yangu ya Linux nikapiga lspci -nn (amri ya kuorodhesha vifaa vya PCIe na kodi zao), zikaongezeka briji tatu, yaani viungo vya kupitisha data kutoka njia moja hadi ingine, moja inaangalia juu kwa prosesa na mbili zinaangalia chini, kila moja na diski yake. Kwa kodi ya aina ya kifaa, briji inasoma 0604, diski ya NVMe 0108. Ile kadi ya waya yenyewe haitokei popote kwa hiyo orodha, kunatokea diski tu. Lakini chunga, madabodi pia iko na briji zake za 0604 hata bila kadi, so piga lspci kwanza sloti ikiwa tupu halafu uchomeke uone gani zimeongezeka, la sivyo muuzaji atakuonyesha briji ya Intel akuambie ni ya kadi yake.

Kwa wale wanapenda kuchokora, angalia aina ya heda (rekodi ya kifaa inayoambia mashine ni cha aina gani). 0 ni kifaa cha kawaida, njia inaishia hapo. 1 ni briji, na hiyo lazima ibebe namba za basi (njia ambayo vifaa vinaunganishwa), ya upande wa juu, ya upande wa chini, na ile kubwa kabisa inayofikiwa huko chini, ndio mashine ijue trafiki ipitie wapi. Stika ya boksi haiwezi kubadilisha hiyo.

Ubaya? Inapata moto, weka feni. Na diski zote zinapita kwa leni 4 za PCIe 3.0, karibu GB 4 kwa sekunde, kwa hivyo ukisoma zote kwa pamoja zinagawana. Kwa kazi yangu ya kuedit video sijasikia shida.

Kadi 4 kwa 5. Duka 2 kwa 5, na moja ya hizo ni juu kijana alikubali nichomeke flashi yangu.